Bendi Mpya za Roki Zinapatikana Wapi, na Kwa Nini Simu Yako Haikuletei

Juni 2025 bendi inayoitwa The Velvet Sundown ilitoa albamu mbili ndani ya mwezi mmoja, na ya tatu ikafuata Julai. Ilikuwa roki ya taratibu yenye ladha ya miaka ya 1970, gitaa laini na mwimbaji mwenye majonzi. Kabla Julai haijaisha, programu ya muziki ya Spotify ilikuwa ikionyesha wasikilizaji zaidi ya milioni moja kwa mwezi. Watu wakaanza kuulizana mtandaoni: hawa wamepiga shoo wapi? Nani amewahi kuwaona? Hakupatikana hata mmoja. Mwishowe ukurasa wao wenyewe ukakiri kuwa muziki, sauti na picha vilitengenezwa kwa akili mnemba.

Tangu hapo maswali mawili yanafuatana kila panapozungumzwa roki. La kwanza: bendi mpya ya kweli nitaijuaje? La pili ni la siku nyingi: mbona programu ya muziki inaniletea zilezile kila wiki, ilhali nasikia bendi mpya zipo maelfu? Ukielewa wimbo unapita njia gani kutoka studio hadi kwenye simu yako, yote mawili yanajibika.

Msanii wa kujitegemea ni yule ambaye hajasainiwa na kampuni tatu kubwa za muziki duniani, yaani Universal, Sony na Warner, wala lebo zilizo chini yao. Anaweza kuwa hana lebo kabisa: anarekodi kwa fedha yake na kubaki na masta, yaani umiliki wa rekodi yenyewe. Au yuko na lebo ndogo. Lebo ni kampuni inayogharimia kurekodi, kuchapa santuri na kutangaza, kisha inagawana mapato na msanii. Msambazaji ni kitu kingine kabisa. DistroKid, TuneCore au CD Baby kazi yao ni kupeleka faili kwenye Spotify, Apple Music, YouTube Music na kwingineko kwa malipo. Hawapimi nani anajua na nani hajui. Anayelipa na kufuata kanuni anapandishwa. Kwa hiyo bendi kuwepo Spotify hakuthibitishi chochote, hata kwamba ina watu ndani yake.

Kosa la kawaida ni kudhani kujitegemea ni aina ya sauti: gitaa la kukwaruza, rekodi yenye vumbi, mwimbaji asiyejali noti. Kujitegemea ni habari ya mkataba. The Killers wanasikika kama bendi ya ukumbi mdogo, lakini walitokea Marekani kupitia Island, lebo ya Universal. Arctic Monkeys wanajaza viwanja, na lebo yao ni Domino ya London, isiyomilikiwa na hao watatu. Mwaka 2011 tuzo ya Grammy ya albamu bora ya mwaka ilikwenda kwa Arcade Fire, ambao Marekani walikuwa chini ya Merge, lebo iliyoanzishwa North Carolina mwaka 1989 na watu wawili waliokuwa kwenye bendi moja. Mpaka wenyewe pia si ukuta. Sub Pop ya Seattle iliuza asilimia 49 ya hisa zake kwa Warner mwaka 1995 na bado inajiendesha. Lebo nyingi ndogo zinasambaziwa kazi na The Orchard, ambayo ni mali ya Sony. Anayetafuta usafi kamili atachoka bure. Swali lenye manufaa ni nani aliyechagua bendi hii, na kwa nini.

Mashine inayopendekeza nyimbo, algoriti, haichagui kwa maana hiyo. Inategemea hasa mambo mawili. Inaangalia watu waliosikiliza A walisikiliza nini kingine, na nyimbo zipi zimewekwa pamoja kwenye orodha ambazo watumiaji wamejitengenezea. Pia inapima sauti yenyewe: kasi, nguvu, ala. Ni kama muuza mitumba anayekufahamu. Ukifika anakuchomolea shati linalofanana na ulilonunua mwezi jana, na huwa linakukaa vizuri. Lakini lile ambalo hakuna aliyewahi kulijaribu linabaki chini ya robota, kwa sababu hana cha kukuambia kulihusu.

Bendi mpya ya roki iko chini ya robota. Haina wasikilizaji, basi haina watu wa kulinganishwa nao, basi haipendekezwi, basi haipati wasikilizaji. Mzunguko huu ndio unaofanya orodha ya Spotify ya kila Jumatatu, nyimbo 30 zilizoanza kutolewa hivyo mwaka 2015, ikuonyeshe majina ya kati yanayofanana na unayoyajua. Haijaharibika. Imetengenezwa ikupe kitu ambacho hutakiruka.

Kuna na fedha pia. Spotify ina utaratibu unaoitwa Discovery Mode: msanii au lebo inachagua wimbo usukumwe zaidi kwenye redio za programu na kwenye nyimbo zinazojipiga zenyewe albamu ikiisha. Halipi taslimu, anakatwa asilimia 30 ya mapato ya usikilizaji uliopatikana humo. Msikilizaji haoni alama yoyote. Orodha zinazotengenezwa na wahariri wa Spotify haziuzwi. Msanii hutuma wimbo ambao haujatoka, angalau siku 7 kabla ya kutoka, na kutuma huko ni bure. Anayeahidi kumuuzia msanii nafasi anavunja kanuni za jukwaa, na mara nyingi anachouza ni usikilizaji wa roboti, ambao ukigundulika wimbo huondolewa na anayeumia ni msanii.

Unaweza kuisaidia mashine kidogo. Usikilizaji unahesabiwa baada ya sekunde 30, kwa hiyo kuonja sekunde kumi kumi hakuwasaidii wasanii. Bonyeza kufuata bendi, maana ndivyo wimbo wake mpya unavyoingia kwenye orodha yako ya Ijumaa. Ijumaa ndiyo siku ya kutoa muziki karibu duniani kote tangu Julai 2015. Watoto wakichukua simu, washa hali ya usikilizaji wa faragha. Bila hivyo, nyimbo za katuni za wiki mbili zitavuruga mapendekezo yako kwa muda mrefu. Na ile namba ya wasikilizaji wa mwezi inahesabu watu tofauti waliocheza wimbo angalau mara moja ndani ya siku 28. Mtu aliyeusikia akiwa jikoni bila kujua ni nani anahesabiwa sawasawa na shabiki.

Wengi huamini pia kwamba wakilipia kifurushi cha mwezi, fedha yao inakwenda kwa bendi wanazosikiliza. Sivyo kwa Spotify. Fedha za wasikilizaji wote wa nchi zinaingia chungu kimoja na kugawanywa kwa uwiano wa usikilizaji wote. Hata ukisikiliza bendi moja tu mwezi mzima, sehemu kubwa ya ulicholipa itawaendea wanaoongoza nchini kwako. Na tangu 2024, wimbo usiofikisha usikilizaji 1,000 ndani ya miezi 12 haulipwi kabisa kwa rekodi hiyo. Kwa bendi changa ya gitaa, hapo ndipo nyimbo nyingi zilipo.

Ndiyo sababu wapenzi wa roki ya kujitegemea wamekita kambi Bandcamp, jukwaa lililoanza 2008, ambako albamu inanunuliwa moja kwa moja. Kwenye muziki wa faili Bandcamp inakata asilimia 15, ikishuka hadi 10 kwa msanii aliyeuza zaidi ya dola 5,000. Kwenye fulana, kaseti na santuri inakata 10. Ongeza ada ya malipo ya kadi. Albamu ya dola 10 humwachia msanii takriban dola 8. Siku za Bandcamp Friday, zilizoanza Machi 2020 wakati shoo zilipofungwa na korona, kampuni inaacha fungu lake. Hapa watu wa Afrika Mashariki huteleza. Siku hiyo inahesabiwa kwa saa za pwani ya magharibi ya Marekani, kwa hiyo kwetu inaanza saa 4 asubuhi ya Ijumaa na kuishia saa 4 asubuhi ya Jumamosi. Majira ya baridi ya kwao ni saa 5 hadi saa 5. Ukinunua Ijumaa alfajiri, siku haijaanza. Wala si kila mwezi. Tarehe hutangazwa mapema.

Ukurasa wa albamu pale unafaa kusomwa polepole, maana una milango minne. Chini kabisa kuna tagi: mtindo, na karibu kila mara jina la mji. Bonyeza mji badala ya mtindo. Tagi ya mtindo kama "roki" inamwaga maelfu, lakini tagi ya mji mdogo inakuletea bendi kumi na tano ambazo wapiga drams wao wanaazimana. Mlango wa pili ni jina la lebo, likiwepo. Wa tatu ni maelezo ya waliohusika: nani alirekodi, studio gani, nani alichanganya sauti. Wa nne, wenye utajiri kuliko yote, ni safu ya picha ndogo za watu walioinunua albamu hiyo. Kila picha inafungua rafu ya mtu, yaani kila alichokinunua. Fungua kadhaa, utafute mtu mwenye albamu tatu au nne unazozipenda tayari pamoja na mamia usiyoyajua. Huyo mfuate. Mapendekezo yake yana uzito ambao algoriti haina, kwa sababu alitoa fedha mfukoni.

Matatizo ya kawaida pale ni madogo. Baadhi ya bendi huweka kikomo cha kusikiliza bure, na ukishapita unaambiwa ununue, si hitilafu. Albamu iliyoandikwa lipa unachotaka inakubali sifuri, ila inaweza kudai barua pepe. Malipo ni kwa kadi au PayPal. Asiye na kadi ya benki anaweza kutumia kadi ya mtandaoni, kama ile ambayo Safaricom imeifungulia M-Pesa pamoja na Visa tangu 2022. Acha salio lizidi bei kidogo, kwa sababu ubadilishaji wa dola na kodi ya nchi ya mnunuzi huongezwa mwishoni na malipo yakipungua kwa senti chache yanakataliwa.

Lebo ndogo ni chujio lenye mkono wa mtu. Dischord ya Washington, mji mkuu wa Marekani, iliyoanzishwa 1980, hutoa bendi za mji huo na viunga vyake tu. Kuisikiliza kwa mpangilio wa miaka ni kusikia mtaa mmoja ukikua. Sub Pop ilianza kama jarida la kurudufu kabla ya kuwa lebo, na Novemba 1988 ilifungua klabu ya santuri kwa wanachama waliolipia kabla, kwa nakala 1,000 za bendi ambayo nje ya mkoa wao haikujulikana: Nirvana. Namna ya kuitumia lebo ni hii: chukua albamu unayoipenda, fungua orodha yote ya lebo, usianze na jina kubwa. Anza na albamu iliyotoka mwaka uleule. Wamiliki wa lebo ndogo hukumbwa na hamu ya sauti fulani kwa kipindi, na waliosainiwa kipindi kimoja huwa ndugu kuliko waliosainiwa miaka kumi baadaye.

Jina la aliyerekodi linakwenda mbali zaidi. Steve Albini, fundi wa kurekodi aliyefariki Mei 2024, alikuwa na studio Chicago iitwayo Electrical Audio. Alitoza ada ya siku na kukataa mrabaha, akisema kazi ya fundi hailipwi kwa mauzo ya bendi. Kwa sababu hiyo alirekodi majina makubwa kama Pixies na PJ Harvey, na pia mamia ya bendi zilizojichanga fedha za siku tatu. Nenda Discogs, hifadhidata inayojengwa na wakusanyaji santuri tangu 2000, fungua albamu, bonyeza jina lake kwenye orodha ya waliohusika, kisha panga kwa mwaka. Unachofuata hapo ni sauti: drams zinazosikika kama ziko chumbani, gitaa lisilopambwa. Si kipimo cha ubora, kwa kuwa alimrekodi karibu yeyote aliyelipa, na baadhi ya kazi hizo zinachosha. Ila ukipenda drams zile, uwezekano wa kupata bendi yako humo ni mkubwa kuliko kwenye orodha yoyote ya Jumatatu.

Njia hizi hazikomei Marekani na Uingereza. Mdou Moctar, mpiga gitaa wa Kituareg kutoka Niger, alirekodi albamu yake ya kwanza Sokoto, Nigeria, mwaka 2008, kwa mashine ya drams na sauti iliyonyooshwa kwa kompyuta. Haikupita lebo wala jukwaa lolote. Ilisambaa Sahara kwa memori kadi na Bluetooth, kutoka simu hadi simu. Mmarekani Christopher Kirkley, mwenye lebo ya Sahel Sounds, alikuwa akikusanya muziki wa simu hizo na kuutoa kwa santuri. Leo Moctar yuko na lebo ya Matador ya New York na anaitwa mpiga gitaa wa roki bila mtu kubisha. Ukirudi Sahel Sounds, lebo aliyotokea, badala ya kuishia kwake, unakutana na Les Filles de Illighadad, bendi ya wanawake wa kijijini Niger inayopiga gitaa juu ya ngoma iitwayo tende, ambayo huenda usingeletewa kamwe.

Nyumbani kuna mfano wa ukali zaidi. Duma, vijana wawili waliotoka kwenye bendi za metali, yaani roki nzito, za Nairobi, walitoa albamu yao mwaka 2020 kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala, metali iliyosagwa na mashine za kielektroniki. Mwaka uliofuata Sub Pop, ileile ya Seattle, ikawatolea santuri ndogo. Mmoja wao, Lord Spikeheart, alianzisha lebo yake Haekalu na kutoa albamu yake ya peke yake 2024. Majina ya namna hii yana tatizo la kiufundi: jina fupi kama Duma linatumiwa na wengine, na wasambazaji hulinganisha wasanii kwa jina, hivyo nyimbo za watu wawili huweza kujikuta ukurasa mmoja. Ukiona bendi ya metali ina wimbo wa mapenzi katikati, usishangae. Tazama lebo iliyoandikwa chini ya wimbo.

Redio bado inafanya kazi, mradi mtangazaji anachagua mwenyewe. KEXP ya Seattle inaendeshwa kwa michango ya wasikilizaji, na tovuti yake inaandika papo hapo kila wimbo unaopigwa pamoja na bendi, albamu na lebo. Seattle iko nyuma yetu kwa saa 10 majira ya joto na saa 11 majira ya baridi, kwa hiyo kipindi chao cha saa 1 asubuhi kwetu kinaangukia saa 11 au saa 12 jioni, unapokuwa kwenye foleni. Huna haja hata ya kusikiliza: fungua orodha ya saa tatu zilizopita, chagua majina matano usiyoyajua, yatafute.

Kumbi ndogo nazo zinasomeka kwa mbali. The Windmill, baa ya Brixton, London, inayobeba watu wapatao 150, ndiko walikokulia black midi, Shame na Black Country, New Road. Kalenda yake iko wazi mtandaoni. Usitazame jina la juu kwenye bango. Tazama waliotangulizwa, maana mara nyingi bendi kuu huombwa ipendekeze nani awafungulie.

Na bandia utazitambuaje? Hakuna ishara moja inayotosha. The Velvet Sundown walikosa shoo, walikosa fundi aliyetajwa, walikosa video ya mtu akipiga gitaa bila kukatwa, na walitoa albamu tatu katika wiki sita. Kukosa kimoja si hatia. Kijana anayerekodi chumbani hana shoo wala fundi. Vikikosekana vyote, shaka. Anza na kalenda ya ukumbi, wala si ukurasa wa bendi, kwa sababu ukumbi hauna faida ya kudanganya kuhusu tarehe iliyopita. Kisha tafuta video iliyopigwa na shabiki, yenye sauti mbovu na kichwa cha mtu mbele. Ile ni ushahidi mzuri kuliko video rasmi.

Limebaki suala la bando. Redio ya mtandaoni ya kbps 128, yaani kilobiti kwa sekunde, hula takriban MB 58 kwa saa. Albamu ya dakika 40 kwa MP3 ya kbps 320 ni karibu MB 96. Ya FLAC, isiyopoteza chochote, hufika MB 250 hivi, na kwa spika ya simu au earphone za bei ya kawaida hutasikia tofauti. Video ndiyo mla bando, hivyo tazama video moja kuthibitisha bendi, halafu albamu ishushe usiku kwenye Wi-Fi. Faili uliyonunua na kuishusha hubaki kwako hata bendi ikivunjika na kuondoa albamu kila jukwaa, jambo linalotokea zaidi kwa hizi ndogo, kwa sababu baadhi ya wasambazaji hutoza ada ya kila mwaka na bendi iliyovunjika haina anayekumbuka kuilipa.